Kidole cha Ukarimu

Zilibaki saa tatu kabla ya treni ya Messina,
saa tatu, na mvua, na soksi zilizolowa.
Mlango ulikuwa mdogo kama wa fundi saa,
umebanwa kati ya muuza mikate ya wengu
na gereji ya pikipiki.
Nilibisha kwa ajili ya mvua. Sijidai mjuzi wa sanaa.

Bi Crocifissa alifungua, taulo begani,
akanitazama miguu kwanza,
akanionyesha tambara la kujifutia.
Kisha akawasha taa, moja, moja, moja,
kama mama aamshaye watoto wa shule.

Na kweli walikuwa watoto.
Ukuta mzima, hadi darini, watoto weupe
wa chokaa na unga wa marumaru:
huyu anajikuna kisigino,
huyu kavaa kofia ya askari, imemfika puani,
wawili wanang'ang'ania kishada cha zabibu,
na yule juu ya dirisha katupa mgongo,
makalio wazi,
hana habari na ibada.

Nilizoea sanamu zilizosimama.
Hizi zilikuwa zimekatizwa.
Kana kwamba nukta moja kabla ya taa
palikuwa na mbio humu, vicheko, mtu kasukumwa,
na sasa wote wamebana pumzi
wakingoja tuondoke.

Mwisho wa ukumbi, Ukarimu.
Jina lake limechorwa chini ya unyayo.
Mwanamke mzito wa mikono, gauni linampeperuka
kwa upepo ambao humu ndani haupo.
Nikasogea. Nikaona mshono wa kola.
Nikaona kiunoni kitambaa kinavyobana, kisha kinaachia,
na goti linavyokisukuma likitaka kupita,
nikasahau kwamba hii ni chokaa,
chokaa ileile tupakayo kuta za zahanati.

Mkono wa kulia unamwaga sarafu.
Kidole cha shahada hakipo.

"Vita," akasema Crocifissa. "Bomu la bandarini.
Mama yangu alikiokota kwenye kifusi."
Akazunguka madhabahu, akarudi na mkebe wa biskuti;
ndani ya mkebe pamba, ndani ya pamba kidole,
kifupi kuliko nilivyodhani,
na ukucha wake.
Ubavuni, mistari myembamba, ya duara:
alama ya dole gumba la fundi
aliyekifinyanga kingali kibichi.
Jina lake nani? Akainua mabega.
Daftari za malipo ziliungua.

"Walikuja wataalamu, na gundi yao, na miwani yao.
Nikawaambia, njooni kesho.
Kesho hiyo sasa ina miaka kumi na tisa."

Nikacheka. Naye akacheka, akiubana mkebe kwapani,
mchoyo wa Ukarimu,
mwanamke aliyekesha na kidole cha mwingine
kama wengine wanavyokesha na pete.
Halafu, sijui kwa nini, labda kwa soksi zangu,
akakitia kiganjani mwangu.

Kilikuwa baridi. Kikaanza kupata joto.
Dole gumba langu likatafuta ile alama, likaikosa,
lilikuwa pana mno;
fundi alikuwa mtu mdogo, au kijana,
au mwanamke, nani atabisha?

Kiingilio euro mbili. Nikatoa noti ya tano.
Hakuwa na chenji, au hakutaka kuwa nayo.

Nje mvua ilikuwa imelegea.
Shuka la mtu lililosahaulika kwenye roshani
lilining'inia zito, mikunjo juu ya mikunjo,
na mimi, niliyepita chini ya mashuka maisha yangu yote,
nikasimama kulitazama.
Kwenye gereji, mvulana wa spana
alisimama kwa mguu mmoja
akijikuna kisigino.

Treni nadhani iliondoka kwa wakati.